Mipango ya Kuuvuka Mlima Kenya kutoka Sirimon hadi Chogoria

Mnamo tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliona kwa mbali vilele vyeupe vya mlima. Wanafunzi wa Kiswahili humjua Krapf kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Aghalabu husahaulika kwamba habari zake za theluji karibu na ikweta zilikejeliwa na wasomi wa Ulaya ambao hawakuwahi kufika huku. Leo mlima huo hufikiwa kwa saa chache za gari kutoka Nairobi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kwa kuwa u karibu, wengi huupangia safari kana kwamba wanakwenda Naivasha.

Makala haya yanaeleza upangaji wa safari ya kuuvuka mlima huo kwa miguu: kupanda kwa njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, kupitia kilele cha Lenana chenye kimo cha mita 4,985, kisha kuteremkia Chogoria upande wa mashariki. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vilele vya wakweaji wa majabali wenye kamba, navyo havihusiki hapa.

Jambo la kwanza kupangwa ni mahali pa kulala. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Kwenye mita 5,000 hubakia takriban nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini huzoea kwa muda, wala nguvu za miguu haziuharakishi. Kijana mkakamavu huweza kulemewa pale ambapo mzee aendaye polepole anapita salama. Kwa sababu hiyo, madaktari hushauri kwamba baada ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipandishwe zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika.

Ushauri huu ukilinganishwa na njia yenyewe, kasoro hujitokeza. Lango la Sirimon liko kwenye mita 2,650 hivi. Kambi ya Old Moses, umbali wa kilomita 9, iko kwenye mita 3,300. Kambi ya Shipton iko kwenye mita 4,200. Anayelala Old Moses usiku mmoja na Shipton usiku unaofuata amepanda mita 900 kwa siku moja, na ratiba nyingi fupi humtaka aamke saa nane au saa tisa za usiku huohuo aelekee kileleni. Ratiba ya namna hiyo ni kamari. Afadhali kulala Old Moses siku mbili, mchana wa kati ukitumiwa kupanda juu kidogo na kurudi. Wenye mahema walale tena katika bonde la Liki North, karibu na mita 4,000. Kisha Shipton siku mbili. Gharama huongezeka, naam, lakini ni gharama ya unga na gesi.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni ishara za kusitisha kupanda. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akatweta hali ameketi, hana budi kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Hapa ndipo safari ya kuvuka inapotofautiana na ya kwenda na kurudi. Gari linangoja Chogoria. Mgonjwa yuko Shipton, na kati yake na gari hilo kuna Lenana. Kikundi kisichojipanga hushawishika kumkokota juu ili "amalizie", ilhali uhai wake uko nyuma, Old Moses. Basi kabla ya kuondoka nyumbani yapasa kukubaliana mambo mawili: nani ana kauli ya mwisho ya kurudi, na ni dereva gani atakayekuja Sirimon akipigiwa simu.

Kuhusu chakula, mfano bora ni wa Waitaliano watatu, Felice Benuzzi na wenzake, waliotoroka kambi ya mateka wa vita huko Nanyuki mnamo Januari 1943 ili tu wapande mlima, kisha wakarudi wenyewe kambini. Walikuwa wameweka akiba ya chakula kwa miezi kadhaa. Ramani hawakuwa nayo, bali picha ya mlima iliyokuwa kwenye kibandiko cha mkebe wa nyama. Mmoja wao aliugua, Batian ikawashinda, wakafika Lenana, na njaa ikawaandama wakiteremka. Akiba yao ilitosha safari waliyoiwazia, haikutosha ile iliyowapata. Chakula cha siku moja ya ziada kwa kila mtu si anasa.

Aidha, kwenye kambi ya Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi za selsiasi. Githeri isiyochemshwa nyumbani haitaiva huko, hata mtungi wa gesi ukiisha. Wali, tambi, uji na ndengu zilizokwisha kupikwa hufaa zaidi. Mpagazi naye ni mtu wa kuhesabiwa: hema lake, blanketi lake na koti lake la mvua vikaguliwe pale langoni pamoja na vya wageni.

Miezi ya Januari na Februari, na Julai hadi Septemba, ndiyo yenye ukavu wa kutegemewa. Wakati wa masika ukungu huficha njia. Hata katika kiangazi, kuteremka kutoka Lenana hadi lango la Chogoria, karibu mita 2,000 kwenda chini, kugawanywe siku mbili, kwa kulala karibu na ziwa Michaelson. Magoti hulipa deni la anayelazimisha siku moja. Baada ya lango kuna barabara ndefu ya msituni, penye ndovu na nyati. Dereva aulizwe mapema iwapo gari lake litafika langoni mvua ikinyesha.