Sura ya Tano: Msalaba kwa Vibao Vinne

Linoleamu haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa. Mwingereza Frederick Walton aliisajilia hataza mwaka 1863 kama kitu cha kutandika sakafuni: mafuta ya kitani yaliyogandishwa na hewa, yakachanganywa na unga wa gome la mti wa vizibo, kisha yakashindiliwa juu ya kitambaa cha juti. Wachongaji waliipenda kwa sababu ni laini na haina nyuzi. Anayechonga mbao hulazimika kuufuata mti. Kwenye lino, patasi hukunja kona popote mkono unapotaka.

Ulaini huo ndio uliompa Claude Flight nafasi ya kujaribu jambo jipya. Kuanzia mwaka 1926 alifundisha chapa ya lino ya rangi katika Grosvenor School of Modern Art, shule iliyofunguliwa London mwaka mmoja kabla. Kwa desturi ya zamani, chapa ya rangi ilitegemea kibao kikuu chenye mistari yote ya mchoro, na rangi zilijaza nafasi zilizobaki, kama mtoto anavyopaka kitabu cha picha. Flight alikiondoa kibao hicho. Kila rangi ilipata kibao chake, mara nyingi vitatu au vinne, na hakuna hata kimoja kilichobeba picha nzima.

Kazi huenda hivi. Sehemu zisizotakiwa huchongwa na kuondolewa. Zilizobaki juu hupakwa wino kwa rola. Karatasi nyembamba ya Kijapani hulazwa juu yake, na mgongo wake husuguliwa kwa mkono hadi wino ushike. Karatasi hiyohiyo huhamia kibao cha pili, cha tatu, cha nne, kila mara ikilinganishwa mahali palepale. Buluu ikipita juu ya manjano huzaa kijani ambacho hakikuchongwa popote. Kwa hiyo msanii lazima aione akilini picha ambayo bado haipo kwenye kibao chochote.

Mwanafunzi aliyeimudu kazi hii kwa nguvu ya pekee ni Sybil Andrews, mzaliwa wa Bury St Edmunds mwaka 1898, aliyekuwa pia katibu wa shule hiyo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichomelea vyuma katika kiwanda cha ndege, na kazi ya mikono haikumtoka akilini tena. Katika The Winch ya 1930, wanaume wanazungusha winchi. Katika Sledgehammers ya 1933, nyundo nzito zinainuka na kushuka. Hakujishughulisha na nyuso. Alitafuta mkunjo mmoja unaopita mgongoni, begani na gotini kwa mtu anayepambana na uzito.

Mwaka 1931 alitoa Golgotha, na mwaka 1935 Via Dolorosa, ya Yesu akiwa njiani na msalaba wake. Naamini picha hizi zinasomeka vizuri zaidi zikiwekwa kando ya zile za vibarua. Dini haikumdai Andrews abadilishe lugha yake ya maumbo, kwa kuwa Injili zenyewe zinauonyesha msalaba kuwa mzigo: Simoni Mkirene, mpita njia, anakamatwa na kutwikwa. Msalaba ulikuwa mti mzito begani mwa mtu kabla haujawa alama ya kanisa, na msanii aliyejua kuchora uzito alikuwa na la kusema juu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alianza mfululizo wa Vituo vya Msalaba na kuuendeleza kwa miaka mingi huko Campbell River, Kanada, alikohamia mwaka 1947 na kuishi hadi kifo chake mwaka 1992.

Flight alitamani chapa kama hizi ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu, kama anavyomudu tiketi ya sinema. Kwa picha ya ibada, shabaha hiyo ina uzito wa pekee: vibao vilevile vinaweza kutoa nakala nyingi, na kila nakala imesuguliwa na mkono wa aliyeichonga.

Ukikutana na chapa ya aina hii, usianze na habari inayosimuliwa. Tafuta kwanza rangi zilizotoka kwenye vibao, kisha zile zilizozaliwa kwa kupandana. Halafu fuata mkunjo mkubwa zaidi kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali unapoelemea ndipo msanii alipoiweka imani yake.