Mito ya Kufumia Lesi: Chombo Hufuata Kazi

Lesi ya vijiti hufumwa kwa kupishanisha na kusokota nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo vya mti, huku pini zikiishikilia kazi juu ya mto. Mto huo si wa kulalia. Hushindiliwa mabua makavu au unga wa mbao hadi uwe mgumu, ili pini isiyumbe nyuzi zinapovutwa. Ukiwa laini, pini huinama, lesi hupotoka, na mnunuzi huikataa.

Aina zake kubwa ni hizi:

(a) Mto wa duara. Huko Honiton, Uingereza, maua na majani hufumwa kimoja kimoja, kisha huunganishwa. Mto huu hufaa, kwani fundi huugeuza kila upande. Lakini kwa utepe mrefu una taabu: kazi ifikapo ukingoni, hulazimu pini zing'olewe na kazi irudishwe juu. Hapo nyuzi huweza kuvurugika na saa kupotea.

(b) Mto mfano wa gogo. Idrija, katika Slovenia, ambako shule ya lesi ilifunguliwa mwaka 1876, mto huu hulazwa kikapuni. Kigezo huzungushiwa mto, nao hugeuzwa kadiri kazi inavyoendelea. Hivyo utepe haukatizwi. Hispania mto mrefu huegemezwa wima, na uzito wa vijiti vinavyoning'inia huvuta nyuzi.

(c) Mto bapa wenye gogo dogo linalozunguka katikati. Huu hurahisisha utepe mwembamba unaouzwa kwa mita.

(d) Kajuja. Katika Falme za Kiarabu, mto huu huwekwa juu ya kitako cha chuma. Wanawake hufumia juu yake talli, utepe wa nyuzi za rangi na za fedha unaopamba mavazi ya kike.

Basi chama cha ufundi kisinunue mito ya aina moja kwa wanachama wote. Kwanza ijulikane bidhaa ni utepe au ua, ndipo mto uchaguliwe.

Hata hivyo, mto mzuri peke yake haumlindi fundi. Mwaka 1779 Uingereza ililazimika kutunga sheria ya kuzuia wafuma lesi kulipwa bidhaa badala ya fedha. Chombo kinachofaa na malipo ya haki ni jukumu moja la chama.