Ramani ya Mitandao ya Ubongo na Maradhi ya Kusinzia Kichwa: Mahenge, Kilosa na Mikumi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alieleza aina ya kifafa aliyoiona kwa watoto wa Mahenge, ambayo kichwa cha mtoto huinama na kuinuka mfululizo. Maradhi hayo yamehusishwa na usubi, yaani minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Kilosa nayo ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayojulikana kuwa na usubi.

Mwaka 2018, uchunguzi wa ubongo wa marehemu watano nchini Uganda ulionesha malimbikizo ya protini ya tau, ambayo huonekana pia katika maradhi ya Alzheimer. Je, tau ndiyo chanzo, au ni kovu la miaka mingi ya kifafa? Mjadala haujafungwa. Hapa ndipo ramani ya mitandao inapohitajika, kwa kuwa maradhi ya kuchakaa kwa ubongo hufuata njia zinazounganisha maeneo yake.

Neno "mtandao" lisimpotoshe msomaji. Mashine ya MRI haioni nyaya zikipeleka ujumbe. Hupima mabadiliko yanayotokana na oksijeni katika damu, na maeneo mawili ambayo vipimo vyake hupanda na kushuka pamoja huhesabiwa kuwa yameunganika. Ramani hiyo, kwa hiyo, ni hesabu ya uwiano.

Hesabu hiyo ina adui mmoja: kichwa kinachotikisika. Mtikisiko mdogo tu, hata wa chini ya milimita moja, huweza kufanya maeneo jirani yaonekane kushikamana kupita kiasi na yale ya mbali kuonekana yametengana. Basi mtoto ambaye maradhi yake ni kutikisa kichwa anaweza kupewa ramani ya ubongo ulioharibika kwa sababu tu hakutulia. Kumlaza kwa dawa si suluhisho kamili, maana usingizi huo nao hubadili mitandao.

Kwa maoni ya mwandishi, hatari kubwa zaidi imo katika ulinganisho. Mtoto wa Mahenge hapaswi kupimwa kwa kigezo cha watoto wa Ulaya. Walinganishwe naye watoto wa Kilosa na Mikumi waliokulia kando ya mito yenye inzi: wasio na kifafa, na wenye kifafa kisicho cha kusinzia. Barabara ya Ifakara na Mahenge huchepuka Mikumi. Familia zote hizo zingesafiri kwenda mjini kwenye mashine ileile, na mtikisiko wa kila mtoto uripotiwe sambamba na ramani yake.