Shuku si Hukumu: Tuhuma Potofu katika Usakaji wa Programu Pelelezi kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo inaisadifu programu pelelezi, yaani programu inayojipenyeza katika kompyuta, ikajificha humo, na kumpasha mtu wa mbali habari za mwenye kompyuta: nywila zake, kurasa anazozitembelea, na hata kila herufi anayoichapa. Kinga ya kawaida ni programu ya ukaguzi ambayo huzipekua faili moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mkaguzi naye hukosea, akaishutumu faili isiyo na hatia. Makala haya yanadhamiria kueleza kosa hilo, chanzo chake, hasara zake na namna ya kulikabili, kwa kuzingatia mazingira ya kompyuta ya nyumbani katika eneo kama Kalama, kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Machakos.

Suala la Istilahi

Katika takwimu na utabibu, kosa la aina hii huitwa chanya ya uongo. Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kwa msomaji wa kawaida, chanya ni jambo jema, ilhali hapa linalozungumziwa ni onyo. Pili, uongo huashiria nia ya kudanganya, na programu haina nia. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia tuhuma potofu. Neno tuhuma linafaa kwa kuwa linabeba maana ya shutuma ambayo haijathibitishwa. Mtuhumiwa si mfungwa. Kosa lililo kinyume chake ni pale mpelelezi halisi anapopita bila kushukiwa. Makosa haya mawili yanategemeana: mkaguzi mkali huwakamata wengi wasio na hatia, na mkaguzi mpole huwaachilia wahalifu.

Vyanzo vya Tuhuma Potofu

Chanzo cha kwanza ni ulinganishaji wa saini. Mkaguzi hubeba orodha ya vipande vya msimbo vilivyochukuliwa kutoka kwa programu hatari zinazojulikana. Iwapo kipande kilichoteuliwa ni kifupi mno, au kinapatikana pia katika programu halali, faili safi hufananishwa na chafu.

Chanzo cha pili ni makisio ya tabia. Hapa mkaguzi haangalii sura ya programu bali matendo yake. Programu inayofuatilia vibonye vya kibodi hushukiwa, ingawa huenda ni chombo halali cha kuwekea njia za mkato au cha kumsaidia mtu asiyeona. Tendo ni moja, nia ni mbili, na mkaguzi haoni nia.

Chanzo cha tatu ni uchache. Baadhi ya wakaguzi huiamini programu kwa kadiri inavyotumiwa na watu wengi duniani. Programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa Machakos kwa ajili ya hesabu za kikundi cha akina mama haijulikani popote, kwa hiyo hushukiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anaufahamu ugeni huu. Anapoandika insha katika kompyuta ambayo kamusi yake ni ya Kiingereza, kila neno la Kiswahili sanifu hupigiwa mstari mwekundu. Maneno hayana kosa. Pungufu ni kamusi. Ndiyo maana kazi kama ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilikuwa na uzito: ilikifanya Kiswahili kitambulike ndani ya kompyuta.

Pamoja na hayo, baadhi ya wakaguzi huvihesabu vidakuzi vya matangazo kuwa upelelezi. Kidakuzi hufuatilia nyendo za msomaji katika tovuti, lakini ni maandishi tu, wala si programu. Mtumiaji anayeonyeshwa "vitisho" 80 hushtuka, kumbe karibu vyote ni vidakuzi.

Visa vya Kihistoria

Makosa haya yameyakumba hata makampuni makubwa. Mnamo Februari 2006, programu ya majaribio ya Microsoft ya kuwasaka wapelelezi ilizitaja baadhi ya bidhaa za usalama za Symantec kuwa mwizi wa nywila, na waliokubali ziondolewe walijikuta wameivunja kinga yao wenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010, saini mpya za McAfee ziliishutumu svchost.exe, faili muhimu ya Windows XP. Kompyuta nyingi duniani zilizima na kuwaka mfululizo, na nyingine zikapoteza mtandao. Hakuna mhalifu aliyezishambulia. Aliyeziangusha ni mlinzi wao.

Hesabu na Hasara

Ichukuliwe kwamba kompyuta ina faili 200,000, na kwamba mkaguzi hukosea mara moja tu katika faili safi 100,000. Faili mbili zisizo na hatia zitashutumiwa. Kama mpelelezi halisi ni mmoja na amenaswa, basi kati ya maonyo matatu, mawili ni potofu. Kama hayupo kabisa, maonyo yote ni potofu.

Kwa nyumba ya Kalama, kosa hili ni ghali. Aghalabu kompyuta ni moja: mtoto wa sekondari anaisomea, mzazi anaweka humo hesabu za chama, na mwanachuo aliye likizoni anaandikia humo tasnifu. Faili ya mfumo ikifutwa, itabidi mashine ipelekwe kwa fundi mjini Machakos, au mfumo upakuliwe upya kwa bando za simu. Hasara nyingine ni ya kimyakimya. Anayeonywa bure mara nyingi huzoea kupuuza, na siku mpelelezi halisi atakapoingia kwa diski mweko iliyotoka saiba, onyo halitasikilizwa.

Namna ya Kukabiliana na Tuhuma

Jambo la kwanza ni kuandika jina la faili, mahali ilipo na jina la tuhuma. Tuhuma yenye vipande kama "Heur" au "Gen" kwa kawaida hutokana na makisio au saini ya jumla. Pili, faili itengwe karantini badala ya kufutwa, kwani iliyotengwa hurejeshwa. Tatu, saini zisasishwe na ukaguzi urudiwe, kwa maana makampuni hurekebisha makosa yao. Nne, asili ya faili ichunguzwe: je, imekuwapo kwa miaka, au imeingia jana? Tano, maoni ya wakaguzi wengine yatafutwe. Huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa mwaka 2004, huipitisha faili moja kwa wakaguzi wengi. Wakishutumu wawili tu kati ya makumi, huenda tuhuma ni potofu, ingawa mpelelezi mpya naye huanza kwa kutambuliwa na wachache. Nyaraka za siri zisipelekwe huko, kwa kuwa faili hushirikishwa watafiti wengine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tuhuma potofu hutokana na jinsi mkaguzi anavyofanya kazi, na kwamba haiwezi kukomeshwa kabisa bila kuwafungulia wapelelezi mlango. Aidha, yameonyesha kuwa lugha ina nafasi katika usalama. Maonyo mengi huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa kama hukumu. Yakitafsiriwa, mfasiri anapaswa kulinda tofauti kati ya kushuku na kuthibitisha, kwani "faili hii inashukiwa" humpa mtumiaji nafasi ya kufikiri, ilhali "faili hii ni jasusi" humsukuma kufuta. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo. Lakini nguo haichomwi kabla ya kukung'utwa.