Kifungu cha 154 kilitoka wapi?

Kwetu Heru Juu, ukigusa habari ya mapenzi ya jinsia moja, jibu huja haraka: "Sheria hiyo ni ya mila zetu." Hapa chuoni nako nasikia yale yale. Basi wanachuo wenzangu, tuifuate hiyo sheria hadi ilikotoka.

Buha ilikuwa na mwami na watwale wake, walioamua mashauri bila kitabu. Akaja Mjerumani, akafuata Mbelgiji, na mwaka 1921 Kigoma ikaingia mikononi mwa Mwingereza. Huyo ndiye aliyetuachia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ya mwaka 1945. Kifungu chake cha 154 kinakataza kumwingilia mtu "kinyume cha maumbile", maneno ambayo Mwingereza aliyapeleka Kenya na Uganda pia. Adhabu ilikuwa miaka 14.

Mwaka 1967 Uingereza ilianza kulegeza sheria yake. Sisi tukakaza. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyopiganiwa ili kuwalinda wanawake na watoto, ilipandisha adhabu hiyo ikawa miaka 30 hadi maisha. Zanzibar nao wakatunga yao mwaka 2004, ikagusa hata wanawake.

Harakati za kutetea watu hawa zimepita zaidi kwenye mlango wa afya. Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma za VVU kwa makundi maalumu katika vituo 40. Oktoba mwaka huo watu 13, wakiwemo mawakili, walikamatwa Dar es Salaam kwenye kikao cha kujadili kupinga hatua hiyo mahakamani. Shirika lililoandaa kikao, CHESA, likasimamishwa. Mwaka uliofuata Paul Makonda, mkuu wa mkoa, akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali.

Sasa, kifungu cha 154 kinaadhibu tendo. Hakimkatazi mtu kupima VVU, kuchukua dawa wala kutafuta wakili. Lakini anayeogopa kusakwa hapimi, na virusi havimuulizi mwenzi wake anampenda nani. Unaweza kuiunga mkono sheria hii au kuipinga, ni haki yako. Ila tusimsingizie babu: yeye alikuwa na mwami, hakuwa na Sura ya 16.