Utangulizi: Injini Inagonga Lini?

Pikipiki kuukuu ikianza kugonga, mwenye chombo huambiwa upesi kwamba krenki imekufa na injini lazima ishushwe. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kabla ya kuulizwa swali la msingi: inagonga lini? Wewe unayeingia katika elimu hii, karibu, na uanze na swali hilo.

Nitatumia Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, na nakala zake zimejaa vijiweni kwetu. Vali zake husukumwa na fito. Haina cheni ya taimingi. Kwa hiyo anayekwambia cheni hiyo imelegea hajaijua injini aliyoishika.

Mlio mwembamba unaotoka kichwani mwa silinda kwa kawaida ni wa tapeti. Nafasi yake ni milimita 0.08, nayo hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa imefika juu na vali zote mbili zimefunga. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi, kisha hutulia injini ikipata moto, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma. Mlio ukibadilika ukibana klachi, tafuta upande wa kulia, kwenye klachi yenyewe.

Kuna kugonga kwingine ambako hakuna chuma kilicholegea, na hapo ndipo wengi hupotea. Plagi ikishawasha, moto husambaa kutoka hapo kwenda pembeni. Mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki mbele yake ukipata joto na mgandamizo kupita kiasi hulipuka wenyewe, nawe husikia mlio mkali kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Hutokea zaidi ukipanda mlima kwa gia kubwa. Rudisha gia moja, uone kama utakoma. Kwenye CG za zamani zenye pointi, nafasi ya pointi ikizidi, moto huwahi kuwaka na tatizo hukua. Masizi juu ya pistoni nayo huongeza mgandamizo. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa risasi ndani ya petroli huzuia mlipuko huo, na dunia ikalipa kwa afya yake kwa miaka mingi. Sisi tutatumia njia salama: kukwangua masizi, kurekebisha taimingi na kuchagua plagi inayofaa.

Sura ya mwisho inahusu mlio mzito wa chini, unaoongezeka injini ikibeba mzigo na usiotulia hata ikipata moto. Huo ni wa beringi ya konrodi. Ukiusikia, zima injini, pima oili, na uisukume pikipiki hadi kwa fundi, hata kama nyumbani ni karibu: konrodi ikikatika hutoboa ganda la injini.