Bafle haikuharibika: namna ya kusikiliza Konono N°1



Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili alinitumia kwenye simu wimbo wa Hijokaidan, kundi la Japani lililoanza mwaka 1979. Jina lao maana yake ni ngazi ya dharura. Gitaa inalia kama bati linalokatwa kwa msumeno, mtu anapiga mayowe, basi, ni hivyo mpaka mwisho. Akaniuliza: "Kaka, hii nayo ni muziki? Sisi huku hatuwezi kufanya kitu kama hii." Sikumjibu kwa maneno. Nilimtumia Konono N°1 ya Kinshasa. Baada ya dakika tano akaandika: "Bafle yangu imepasuka."

Nilicheka, juu mimi pia nilifikiri vile vile siku ya kwanza, pale Kibua, kwa kijana anayechajisha watu simu na kuwawekea nyimbo kwenye fulashi. Tulichukua turnevisi, tukafungua bafle, tukaangalia karatasi ya ndani. Nzima kabisa. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa ndani ya muziki wenyewe. Basi nimeona niandike kidogo, ili mwingine asifungue bafle yake bure.

Konono N°1 ilianzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960. Alikuwa Muzombo, mtu wa upande ule wa mpaka wa Congo na Angola, mpiga likembe. Likembe munaijua: kisanduku cha mbao, vyuma vyembamba juu yake, unapiga kwa vidole gumba. Ni chombo cha sauti ndogo. Mtu anaweza kuipiga akitembea peke yake njiani, na aliye ng'ambo ya mto asisikie kitu. Sasa peleka chombo hicho Kinshasa, katikati ya magari, bar, makanisa na watu wanaoitana kutoka lupango hadi lupango. Nani atakusikia?

Mingiedi na wenzake walichukua sumaku kutoka vyuma vya gari za zamani, wakazitumia kutengeneza mikro zao wenyewe, wakazifunga kwenye likembe. Waliosoma fizikia wanajua hesabu yake: chuma kikitetemeka karibu na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Umeme ule unaingia kwenye ampli, na ampli inausukuma hadi kwenye spika. Ni kanuni ile ile ya gitaa ya umeme. Tofauti ni kwamba hapa hakuna fundi wa kiwanda aliyepima. Likembe zenyewe ni tatu: ya sauti ya juu, ya katikati, na ya chini inayoguruma kama besi. Nyuma yake kuna ngoma, sufuria, vipande vya gari vinavyopigwa kama kengele, waimbaji na wachezaji. Sauti zote zinatoka kwenye tarumbeta za chuma ambazo Kinshasa wanaziita lance-voix, "mtupa sauti", kama zile za wakoloni za kutangazia watu amri.

Hapo njo kelele inatokea. Mikro ya kujitengenezea ni kali kupita kiasi, ampli inalemewa, tarumbeta ya chuma inaongeza mkwaruzo wake. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Lakini walipoisikia hawakuikimbia. Walijenga muziki wao kuizunguka. Mimi naona sababu moja ambayo watu wanaipita haraka. Likembe nyingi za zamani, hata bila umeme, zimefungwa vipete vidogo kwenye vyuma ili zivume zzzz. Sauti safi kabisa kwa mpiga likembe wa zamani ni kama chakula bila chumvi. Umeme uliikuza tu ile chumvi, ikawa gunia.

Hapa ndipo naachana kidogo na mdogo wangu. Wajapani wa Hijokaidan walitafuta kelele kwa makusudi, wakaondoa karibu kila kitu kingine: wimbo, mpigo, mahali pa kuchezea. Konono walitafuta kusikika, na mpigo hawakuuacha hata dakika moja. Ukisikiliza Hijokaidan unakaa. Ukisikiliza Konono hata kama ni ndani ya matanga, mguu unaanza wenyewe. Sisemi nani ni mkubwa. Nasema watu wawili wanaweza kufika kwenye mto mmoja kwa njia mbili.

Sasa rekodi. Ya kwanza ambayo ulimwengu uliijua ilifanywa Kinshasa mwaka 1978 kwa ajili ya redio ya Ufaransa. Ni wimbo mmoja unaopita dakika 20. Baadaye, katika miaka ya 1980, ulitoka kwenye sahani ya lebo ya Ocora pamoja na makundi mengine ya mtaani ya Kinshasa. Halafu kimya. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia ile kelele redioni, haikumtoka kichwani, akawatafuta Kinshasa kwa miaka mingi. Aliwapata karibu na mwaka 2000. Tuhesabu pamoja: zaidi ya miaka 20 imepita, na Mingiedi ni mzee sasa. Miaka hiyo yote watu wa mitaa ya Kinshasa ndio waliojua kwamba yupo.

Kenis alikuja na kompyuta ya kubeba, akawarekodi Kinshasa kwenyewe bila kuwafungia ndani ya studio ya vioo. Hakujaribu kusafisha ile kelele. Mwaka 2004 ikatoka albamu Congotronics kwa lebo ya Crammed ya Brussels. Anayeanza aanze hapo, wimbo wa kwanza, bafle kubwa kama ipo, na asiishushe sauti. Kisha aende kwa Live at Couleur Café ya 2007, iliyorekodiwa jukwaani na ikateuliwa kwa tuzo ya Grammy. Assume Crash Position ya 2010 ni nzuri pia, ila mimi naiona imepangwa-pangwa zaidi.

Baada ya hapo simu zikaanza kulia kutoka nje. Björk wa Iceland aliwaweka kwenye wimbo Earth Intruders, unaofungua albamu yake Volta ya 2007. Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliwaingiza kwenye Imagine ya mwaka 2010, pamoja na Oumou Sangaré wa Mali na wengine, na wimbo ule ukashinda Grammy mwaka 2011. Niseme ukweli wangu: kwa huyo wa pili unawatafuta Konono kama unavyotafuta nyama ndani ya sombe ya internat. Wapo, lakini nani amewaona?

Ushirikiano mzuri ni ule wa 2011. Crammed iliwakusanya karibu wanamuziki 20: Konono, Kasai Allstars, na wenzao wa roki kama Deerhoof wa San Francisco, ambao mwimbaji wao Satomi Matsuzaki ni Mjapani, na Juana Molina wa Argentina. Walizunguka wakicheza pamoja kwenye matamasha. Na shida yao kubwa ilikuwa kuhesabu. Mtu wa roki anahesabu moja, mbili, tatu, nne, na anajua "moja" iko wapi. Muziki wa Konono unazunguka. Kila likembe ina mlango wake wa kuingilia, mchezaji anaweka mguu mahali pengine, na kila mmoja yuko sawa. Wageni wakawa wanauliza: moja iko wapi? Rekodi za safari ile zilikaa mpaka 2022, zikatoka kwa jina Where's the One?, ndilo swali lenyewe. Nilipoisikia nilikumbuka sisi tulivyofundishwa solfeji kwenye kwaya na mtu aliyetupiga fimbo kila tulipokosa "moja". Pengine hatukukosa.

Kasai Allstars nao wanastahili makala yao. Ni watu zaidi ya 20 kutoka makabila mbalimbali ya Kasai wanaoishi Kinshasa, ambao kila mmoja alikuwa na kundi lake, lugha yake na namna yake ya kutengeneza ngoma, na wengi walifikiri mambo hayo hayawezi kuchanganyika jukwaa moja. Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaijua hiyo lugha ya "haiwezekani kuchanganyika".

Mingiedi alifariki mwaka 2015. Mwaka uliofuata ikatoka Konono N°1 Meets Batida, na mwanawe Augustin Makuntima akiwa mbele. Batida ni Pedro Coquenão, mzaliwa wa Angola aliyekulia Lisbon. Ukikumbuka Wazombo wako pande zote mbili za mpaka, utasikia albamu ile kama ndugu waliokutana.

Kwa nini haya yaandikwe kutoka Kibua? Juu mwaka 1956, huku kwetu Unyanga, Shé-Kárisi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, vijana wakimpigia fimbo kwa mpigo, na Daniel Biebuyck akisimamia uandishi. Kitabu kilitoka 1969, kwa kazi yake na ya Kahombo Mateene, mtoto wa Unyanga. Nimekisoma. Maneno yapo yote. Fimbo sikuzisikia.

Mwaka huu nilijaribu kurekodi mzee mmoja wa likembe kwa simu. Mara ya kwanza ilitoka safi sana, na mbaya sana. Simu nyingi zina programu inayokata kila inachokiona ni kelele, na ule mvumo wa vipete iliukata wote. Nilitafuta kwenye mipangilio ya kinasa sauti, nikaizima hiyo kazi, nikaweka simu hatua mbili mbali naye, juu ya gunia la maharagwe ili meza isitetemeke. Tukarudia. Tukaipeleka kwa yule kijana wa kuchajisha, akawasha grupu, akaiweka kwenye bafle.

Mzee alisikiliza, akainama karibu na spika. "Sasa ni mimi," akasema. Halafu akamwambia kijana aongeze sauti.